Mkono wa Kidege na Mashine ya Mashuka

Nyumba yenye geti la bati,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha dobi.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, wewe, shemeji yangu na watoto wote. U hali gani? Mgongo je? Uliposema unakuuma ukiinama nilisema moyoni, huyo bado ananyanyua ndoo mwenyewe. Acha. Una watoto wakubwa, wana mikono, watumie. Na yule wa mwisho ameacha kunyonya kidole? Mpake kitu kichungu, wewe ndivyo nilivyokuachisha.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo kwa vumbi la mbao, lakini randa bado hajaiweka chini. Mimi bado napiga pasi nguo za watu, pasi ile ile ya mkaa, na nikikwambia mtaa huu hakuna anayenifikia usidhani najisifu. Mwalimu mkuu anapita mlango wa watu wenye pasi za umeme kuniletea mimi mashati yake. Kola yangu unaweza kukatia mkate.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Binamu yetu ameniambia kwamba habari zimekufikia kabla ya barua, na zimefika zimepindwa: eti mwanao, huyu binti yangu, amempiga mtu kwa chuma, yuko jela, na mimi nimekonda kwa aibu. Mdogo wangu, kumpiga kweli amempiga. Jela hayupo, yuko hapa sebuleni anakula, na hiyo ni sahani ya pili. Na mimi sijapungua hata kidogo, muulize fundi anayenishonea. Kaa chini nikusimulie mwenyewe, maana wewe ni mama yake mdogo, na mtu akikuuliza huko ujue la kumjibu.

Kile kiwanda cha dobi ulipoondoka kilikuwa bado ghala tupu. Siku hizi mashuka ya hoteli zote na hospitali zote yanafuliwa pale. Ndani kuna mashine wanaiita rola. Ni magogo ya chuma, marefu kuliko kitanda, yamejaa mvuke, yanazunguka yakiwa yamegusana. Ukiyatemea mate yanakauka hata kabla hayajatua. Shuka bichi linaingia huku, linatokea kule limekauka na kunyooka. Wanawake wawili wanasimama mbele, kila mmoja na pembe yake, wanalivuta likakaza, mmoja anasema "haya!" na wanaliachia pamoja. Hao wawili wanaitana pacha. Ukishampata pacha wako humbadilishi ovyo, kwa kuwa mikono yenu imezoeana.

Pacha wa mwanao ni Kidege. Jina hilo kalipata kwa umbo: mdogo, miguu kama njiti. Lakini ule mdomo! Anaweza kumtania mtu mpaka akaomba radhi kwa kosa la jirani. Mwanao naye unamjua alivyo mrefu, na urefu ule kautoa kwetu, si kwa shemeji yako. Wakisimama pamoja ni mlingoti na ndoo. Wakubwa kiwandani walikiri wenyewe kwamba hakuna waliokuwa wakilisha rola kwa kasi kama hao wawili.

Glavu hawakupewa. Walipoomba waliambiwa zitakuja. Basi wakawa wanachana mashuka makuukuu, wanaloweka vipande na kujizungushia mikononi ili wasiungue. Kila mmoja pale alifanya hivyo, na aliyefika mgeni alifundishwa siku ya kwanza.

Tena mbele ya rola kuna upau mwekundu. Mtu akiuegemea tu, mashine inasimama. Umewekwa kwa ajili hiyo. Lakini shuka zito likijikunja juu yake nalo linasimamisha mashine, na mashine ikisimama, msimamizi anakuja na mkono wake. Huyo wanamwita Bwana Filimbi kwa sababu ya filimbi anayoivaa shingoni kama refa. Kazi yake ilikuwa kupuliza na kupiga. Alipiga makofi ya kisogo, alipiga kwa funguo, na mama mmoja mjamzito alimsukuma tumbo likagonga toroli, akatoka damu pale pale sakafuni. Hakuna aliyefungua mdomo. Mwisho akaamuru upau ufungwe kwa kitambaa usisogee tena. Ukafungwa. Kazi ikaenda mbio, na kila mtu akashukuru makofi yamepungua.

Ilikuwa Jumanne, jua limeshapanda. Kitambaa cha Kidege kililegea ncha. Ncha tu, kama mkia wa panya. Shuka likaingia, ncha ikaingia nalo, na rola ikaanza kumvuta Kidege kama inavyovuta shuka.

Vidole vilianza. Mwanao anasema alisikia kabla hajaona, sauti kama kuni mbichi inayovunjwa gotini, kisha kilio ambacho hakikuwa cha mtu. Akamkumbatia kiunoni akavuta nyuma. Rola ikavuta mbele. Kiganja kikaingia, kifundo kikaingia, mvuke ukatoka na harufu ya nyama. Akaupiga upau kwa goti. Umefungwa. Akaupiga tena mpaka goti likapasuka. Haukusogea.

Akamwacha Kidege kwa wenzake waliokuja kumshika, akakimbilia ukutani ilipo swichi kubwa. Pembeni yake kunatundikwa mkono wa chuma wa kuzungushia magogo yaachane. Mbele ya swichi alikuwa amesimama Bwana Filimbi, mikono kaitanua kama golikipa.

"Usizime! Ndani kuna mashuka ya hoteli, yataungua! Mvuteni tu atoke!"

"Bosi, toka."

"Nimesema mvuteni!"

Na akamzaba kofi. Mdogo wangu, mwenzake anaingia kwenye moto mzima mzima, na huyu anazaba kofi.

Mwanao hakumrudishia kofi. Alitungua kile chuma ukutani akamshushia begani. Mfupa wa mtulinga ulivunjika, na waliokuwa kwenye mapipa ya kufulia, mbali kabisa, waliusikia. Alipoanguka alimng'ang'ania mguu, naye akampiga la pili mkononi ili amwachie. Akazima. Akamruka, akarudi na chuma kile kile, akakitia kwenye tundu lake na kuzungusha mpaka magogo yakaachana.

Kidege akatoka. Mkono nao ukatoka, lakini haukuwa mkono tena. Ulikuwa bapa kama soli, mweusi huku na mweupe kule, na ngozi ya kiganja ilibaki kwenye chuma inaendelea kukaangika.

Nakuandikia vilivyokuwa, usiniambie nimekuharibia usingizi. Bila kujua haya hutaelewa kwa nini natembea mtaani kichwa juu.

Unadhani waliita gari la wagonjwa? Waliita walinzi. Walimburuta mwanao uwanjani kwa nywele, wakampiga mateke ya mbavu, mmoja akamkanyaga uso kwa buti. Lile jino la mbele limevunjika. Wewe unayajua meno ya mwanao, tangu darasa la kwanza mpiga picha wa shule alikuwa anamweka mstari wa mbele kwa ajili ya meno yale! Tajiri mwenye kiwanda akachungulia juu dirishani, hakushuka wala hakuuliza, akasema, "Huyo hana kazi hapa kuanzia sasa. Mtupeni nje." Wakamtupa kweli, wakafunga geti. Kidege alipelekwa hospitali na wenzake, wakimsukuma ndani ya toroli la nguo chafu katikati ya magari, wakipiga kelele wapishwe. Madaktari wakaukata mkono chini kidogo ya kiwiko.

Alasiri polisi wakaja kwangu. Bwana Filimbi kashitaki kwamba amepigwa kazini. Wakamchukua mtoto damu ya mdomo haijakauka. Shemeji yako akavaa koti lake la harusi akaenda kumwekea dhamana, na pale kituoni aliweka tu mikono yake juu ya meza. Wewe unaijua mikono ile. Wakampa mtoto wake.

Kesho yake akaja Katibu wa chama cha wafanyakazi, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, akakaa kwenye kiti cha shemeji yako. Kiti kikalia, hakikuvunjika, maana shemeji yako hatengenezi mzaha. Alitusomesha pale kama watoto. Mimi shule niliishia ulipoishia, lakini haya yameniingia kuliko hesabu. Kumbe glavu si hisani! Sheria ya kazi inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, atoe bure, na ahakikishe mashine yenye kung'ata imefungwa mdomo. Kumbe mfanyakazi akiona hatari ana haki ya kusogea pembeni, na haruhusiwi mtu kumwadhibu kwa hilo. Kumbe anayeumia kazini analipwa fidia hata kama naye kajikwaa. Na mtu hafukuzwi kwa kupigiwa kelele dirishani. Anaambiwa kosa lake, anapewa nafasi ya kujieleza, na ana haki ya kusindikizwa na mwenzake.

Nikamuuliza, "Na kupiga watu makofi?"

"Mama, hilo ni jinai."

"Hata akipiga tajiri?"

"Hata tajiri."

Nikamwangalia mwanangu na shavu lake lililovimba, nikajisikia kulia kwa miaka yote waliyopigwa wakidhani ni sehemu ya ajira.

Lakini Katibu hakuficha ubaya. Upande wa tajiri ulikuwa umeshajitungia kisa. Walikuwa wanasema mwanao aligombana na msimamizi, akampiga, na katika purukushani hiyo akamsukuma Kidege kwenye rola. Kidege akikubali kisa hicho, mwanao kazi hana, na jela inamsubiri. Shauri likapangwa kusikilizwa mbele ya msuluhishi Jumatatu moja, wiki kadhaa mbele, na kila kitu kikabaki kwenye mdomo wa Kidege.

Na Kidege wamemhamisha! Tajiri kamwekea chumba cha peke yake hospitalini, kaahidi kumtibu mpaka mwisho, na mdogo wake ataajiriwa ofisini. Tulikwenda kumtazama, mama yake akatuzuia mlangoni. Akasema amelala. Mimi nikamwona kupitia upenyo wa mlango, macho wazi, anatazama dari. Sitakuficha, niliporudi nilimsema vibaya sana. Mwanao akaniambia, "Mama, nyamaza. Wewe una mikono miwili." Hajawahi kunijibu hivyo tangu azaliwe.

Jumamosi kabla ya shauri, mchana kweupe, nikiwa barazani napiga pasi, wakaja wanaume wanne wenye marungu. Mawe yakaanza kugonga bati. "Mwambieni huyo binti Jumatatu akae nyumbani!" Shemeji yako akatoka na nyundo, wakamtandika rungu usoni, nyusi ikachanika mpaka mfupa ukaonekana. Mmoja akamkamata mwanao shingo pale mlangoni na kumgongesha kichwa kwenye fremu, mara moja, mara ya pili, na mimi naona macho ya mtoto yanageuka.

Pasi yangu ilikuwa imeiva, mkaa mwekundu. Nikamwekea mgongoni na nikaikandamiza kama nakandamiza mkunjo wa suruali. Ilikaa, mdogo wangu. Fulana ikashikana na ngozi. Alipiga ukelele mpaka wenzake wakaacha mawe. Nikawaambia, "Nani mwingine ana nguo ya kunyoosha?" Majirani wakamiminika na michi na mafagio, wakawafukuza mpaka barabarani na mmoja wakamlaza mtaroni. Yule wangu nasikia analala kifudifudi mpaka leo. Niliomba Mungu anisamehe, lakini niliomba taratibu, sikuwa na haraka ya kujibiwa.

Jumatatu tukaenda. Mwanao bandeji kichwani, baba yake nyusi imeshonwa, tunaonekana kama familia iliyoanguka na basi. Chumba cha usuluhishi ni kidogo, meza moja ndefu. Msuluhishi, ambaye ndiye pia mwamuzi, ni mama mmoja mkavu, nywele fupi, hatabasamu, na anamkatiza kila mtu sawa. Nilimpenda hapo hapo.

Wakili wa tajiri, kijana wa viatu vya kung'aa, akaanza kumhoji mwanao.

"Ule upau wa usalama, nani aliufunga?"

Hapo ndipo Katibu alipokuwa amemwambia asijibu haraka. Mwanao akajibu, "Mimi."

Katibu akafumba macho. Mimi nyuma nikamfinya shemeji yako paja mpaka akaruka kitini.

"Wewe mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu. Bwana Filimbi aliniamuru kwa sababu mimi ndiye mrefu, nafikia pande zote mbili. Nilijua ni hatari. Tulijua wote. Tuliogopa kofi kuliko rola."

"Kwa hiyo," wakili akatabasamu, "mwenzako amekatwa mkono na fundo lako."

Mwanao aliinama, na nikaona machozi yanadondoka juu ya meza, mtoto ambaye mateke ya walinzi hayakumliza. Nikajua basi, tumekwisha. Mwanangu kajifunga kwa ukweli wake. Na nilivyomlea, nisingejua kumlaumu.

Wakili akamwita Kidege, aingie kama shahidi wake. Akaingia ameshikwa na mama yake, amepungua, mkono wa gauni umekunjwa na kubanwa kwa pini. Bwana Filimbi alikuwa pale na plasta yake, akamtikisia kichwa kama mtu anayemkumbusha ahadi.

"Mweleze msuluhishi," wakili akasema kwa upole, "nani alikusukuma."

"Maji kwanza," akasema Kidege. Akaletewa. Akanywa yote polepole, glasi kaishika kwa mkono wa kushoto. "Hakuna aliyenisukuma. Nilivutwa."

"Tafadhali fikiri vizuri. Ulituambia..."

"Sikuwaambia. Nyinyi ndio mlioniambia. Mimi nilikuwa nimelala." Akamgeukia Bwana Filimbi. "Nilikusikia. Nilikuwa nanusa nyama yangu mwenyewe, wewe unasema mashuka. Yule pale," akamnyooshea mwanao kidevu, "angekuacha umalize maneno yako, leo nisingekuwa na bega."

Wakili akaharakisha. "Mwajiri wako amekugharamia chumba..."

"Chumba kizuri. Mashuka yake niliyapitisha kwenye rola mimi mwenyewe, nimeijua alama ya hospitali."

Hata msuluhishi aliinama kidogo kuficha kicheko. Kisha Kidege akamtazama mwanao, na sauti yake ikawa ile ya siku zote. "Na wewe, pacha. Urefu wote huo, hata fundo la kulegeza hujui kufunga?"

Mwanao akacheka akilia, akatoka kitini akaenda kumkumbatia, na msuluhishi hakuwakatiza. Mama yake Kidege akanishika mkono. Yale niliyomsema mwanawe sikumwambia, na nimeamua nitakufa nayo.

Msuluhishi akamuuliza tajiri, "Mashine ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Msimamizi ameajiriwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi na fundo ni lako." Akamweleza wazi kwamba mwajiri hawezi kujificha nyuma ya mikono ya mtu aliyemwamuru, wala kusema wafanyakazi walikubali, kwa sababu usalama wao si kitu cha kukubaliana. Na kwamba binti alifukuzwa bila kuambiwa kosa wala kusikilizwa, na aliyepiga ili kuokoa mtu si mgomvi. Mwanao arudi kazini. Kidege apate fidia yake yote, na akipona atafutiwe kazi anayoiweza, kwa mshahara ule ule. Rola isiwashwe mpaka mkaguzi aikague.

Polisi nao wakafuta kesi yetu. Anayehudhuria mahakamani sasa ni Bwana Filimbi, kwa makofi yake na kwa yule mama mjamzito, ambaye naye kafungua mdomo. Kidege aliuvunja ule woga, wengine wakafuata. Tajiri alitaka kumpa mwanao mkono wa kwaheri mnono asirudi. Mimi, nakwambia wewe tu, nilitaka achukue. Nilimwambia, mwanangu, chukua, tukufungulie kibanda, rola haina huruma. Akasema wale wengine wamebaki ndani, na nani atawafungulia upau?

Basi alirudi wiki iliyopita. Mkaguzi alikuwa amekwishapita: upau umefunguliwa, glavu zimeletwa, nzito, za ngozi, na akaagiza kwamba rola ikiwaka lazima awepo mtu wa kusimama kwenye swichi asifanye jingine. Tajiri alitaka Kidege akae getini ahesabu taulo. Kidege akasema taulo zijihesabu. Swichi ndiyo kazi anayoiweza, mkono wa kushoto unatosha. Akapewa.

Huyo Kidege usidhani kapona. Anakuja hapa jioni nyingine ananiomba nimkande vidole vinavyoungua, vile visivyokuwepo. Nami nakaa naye, nakanda hewa pale vilipokuwa, mpaka anyamaze. Mara nyingine analia akijiuma mdomo.

Mwanao kanisimulia asubuhi ile ya kwanza. Tajiri mwenyewe alishuka, akasimama na mikono nyuma. Wanawake wote wamekaa mbali na rola, wameegemea ukuta. Mwanao kavaa glavu, kashika pembe yake ya shuka, na pembe ya pili inaning'inia, maana hakuna aliyetaka kusimama mahali pa Kidege. Damu walishaifuta, lakini kila mtu alijua ilipokuwa.

Kidege akawasha. Magogo yakaanza kuzunguka, mvuke ukapiga kelele. Halafu, hakuna shuka lililoingia, hakuna mtu aliyeguswa, akazima. Kimya.

Tajiri akageuka. "Kuna nini? Mbona umezima?"

"Nilitaka kuona kama inasimama," akasema Kidege.

"Na sasa umeona?"

"Bado." Akawasha, akazima tena. Akamtazama tajiri usoni, mkono wake mmoja uko pale pale kwenye swichi.

Ndipo mwanamke mmoja akajitoa ukutani, akavaa glavu, akaja akashika ile pembe ya pili.

Nisalimie shemeji yangu, umwambie viatu alivyoleta shemeji yako anavivaa kanisani tu. Nisalimie wifi yako mshonaji, na shangazi yetu mzee ukimpigia simu. Watoto wote wabusu, mkubwa umwambie dada yake ametaja jina lake na anataka picha. Mwanao mwenyewe anakusalimu kwa mdomo uliojaa, na anasema jino la bandia litawekwa mwezi ujao, kwa hiyo usionyeshe watu picha yake ya sasa. Mimi nasema ionyeshe. Waambie lile pengo limetoka wapi.

Mungu akutunze huko ugenini, akupe tajiri mwenye haya na kazi isiyokula watu, na siku moja atukalishe tena meza moja.

Wako akupendaye pasipo kipimo,
Dada yako mkubwa.